Somo: Kuhamisha kadi ya memori kutoka modi ya SD kwenda SPI

Wakuu, juzi nilikuwa nafunga kifaa cha kurekodi unyevu ndani ya ghala la korosho hapa Mtwara, kadi ikagoma kabisa. (SD ni modi ya kawaida ya kadi kuongea na kifaa; SPI ni modi rahisi zaidi, inayofaa vifaa vidogo kama changu.) Kosa lilikuwa langu, nitalisema huko chini.

1. Ipe kadi umeme wa volti 2.7 hadi 3.6. Huamka ikiwa modi ya SD, siku zote. Iache milisekunde moja itulie.

2. Weka CS (waya wa kuichagua kadi) na MOSI (waya wa data kwenda kwenye kadi) juu, yaani ziwe na volti, kisha tuma mapigo ya waya wa saa angalau 74. Baiti 10 za FF (heksadesimali, biti zote ni 1) zinakupa mapigo 80, zinatosha. Kasi isizidi kHz 400. Wenye haraka hukwama hapa.

3. Hapa ndipo penyewe. Shusha CS, tuma CMD0 (amri namba 0, ya kuanzisha kadi upya): 40 00 00 00 00 95. Kadi ikipokea CMD0 huku CS iko chini, inajua unataka SPI. Hiyo 95 ina hesabu ya uhakiki, na usiipuuze: wakati huo kadi bado iko SD, na SD haikubali amri yenye hesabu mbovu. Ikihama inajibu 01, yaani bado inajiandaa.

4. Tuma CMD8 (ya kuuliza kama kadi inakubali volti yako): 48 00 00 01 AA 87. Halafu CMD55 na CMD41 (jozi ya kuiamsha kadi), rudia jozi hiyo mpaka 01 igeuke 00, yaani kadi iko tayari. Sasa ongeza kasi.

MASWALI

Fundi, niko Masasi huku, napata FF tu.
— Angalia CS kwanza, kaka. Kama haishuki, kadi inabaki SD, na huko CMD0 haina jibu. FF ni waya uliokaa juu, hakuna anayeongea.

Kurudi SD natuma amri gani?
— Hakuna. Unakata umeme. Na ndipo nilipoteleza: nilizima swichi ya kadi, lakini MOSI na CS zilibaki juu, kadi ikawa inanyonya umeme kupitia humo. Nikipima na multimita, bado volti 1.9! Shusha waya zote sifuri kabla ya kuzima.

Kwa nini tusibaki SD, si ndiyo yenye kasi?
— Ni kweli dada, ina waya nne za data. Ila mimi naandika namba mbili kila dakika kumi. Korosho hazina haraka hiyo.