Liamini Gazeti: Namna ya Kuandika Kichekesho kutokana na Kichwa cha Habari cha Kale

Kichwa cha habari cha kale kilichokuja kubainika kuwa uongo ni mtaji mzuri kwa mtu anayetaka kuandika kichekesho, lakini kwa sharti moja: mwandishi asilicheke gazeti. Anayelicheka humaliza kicheko chake katika sentensi moja, kwa kuwa akishasema kwamba watu wa zamani walidanganyika kirahisi, hana tena la kuongeza. Anayeliamini, akakubali kwamba habari ile ilikuwa kweli tupu, huwa amejifungulia mlango wa kuuliza: je, kesho yake ilikuwaje?

Vichwa hivyo zamani vilitujia vyenyewe, vikiwa vimefungia karanga au vitumbua, na mimi niliwahi kununua vitumbua viwili zaidi ya njaa yangu ili nipate ukurasa wa pili wa habari. Siku hizi magazeti mengi ya kale yamehifadhiwa kwenye maktaba na intaneti. Ukifika huko, usichague uongo mkubwa kuliko wote, bali chagua ule wenye vipimo, kwa sababu kichekesho hushikilia futi, ratili na asilimia. Uongo usio na kipimo hauna pa kushikwa.

Mfano ninaoupenda ni wa gazeti la The Sun la New York, ambalo kuanzia tarehe 25 Agosti 1835 lilichapisha mfululizo wa makala sita zilizodai kwamba mwanafalaki John Herschel, aliyekuwa kweli Rasi ya Tumaini Jema wakati huo, ameona viumbe mwezini kwa darubini yenye lenzi ya uzito wa karibu tani saba. Miongoni mwao walikuwamo wanyama wa majini wasio na mkia, wanaotembea kwa miguu miwili, wakiwabeba watoto wao mikononi na kuishi katika vibanda vinavyofuka moshi. Na walikuwamo watu wenye mabawa ya popo, urefu wao futi nne, miili yao ina nywele fupi za rangi ya shaba, na mabawa yao yameanzia mabegani hadi kwenye vigimbi vya miguu.

Sasa amini kila neno la habari hiyo, kisha usiongeze uongo wa pili. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mwandishi mchanga huona popo-watu hawatoshi, akawapa bunduki na mfalme, na papo hapo msomaji hupoteza mwelekeo kwa kuwa hana tena ardhi ya kukanyaga. Muujiza ni mmoja tu, nao ni wa gazeti. Mengine yote yawe mambo ya kawaida ya mwaka uleule, tena yaliyo kweli.

Kwa mfano, mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alikuwa amefanya mkataba wa biashara na Marekani, na mabaharia wa Salem, mji wa bandari wa Marekani, walikuwa wakileta Zanzibar kitambaa cha pamba ambacho hadi leo tunakiita merikani. Mfanyabiashara wa Salem akisoma kwamba juu mwezini wapo watu wasio na nguo, hatashangaa wala hataomba dua. Ataulizia idadi yao. Majora yatapakiwa, na sampuli itashushwa Zanzibar kwa fundi cherehani wa Forodhani, samahani, fundi wa sindano ya mkono, maana mwaka huo cherehani ilikuwa haijafika pwani yetu. (Kosa la namna hiyo ndilo linaloharibu kichekesho, likague kabla msomaji hajalikagua.) Fundi huyo atampima mteja wake wa kwanza kutoka mwezini na kugundua kwamba mabawa yaliyoshuka hadi kwenye vigimbi hayaruhusu kanzu kuwa na mgongo, na kanzu isiyo na mgongo, kwa heshima zote, ni aproni. Watabishana bei, kwa kuwa mteja anadai kitambaa kimepungua nusu na fundi anajibu kwamba pindo zimeongezeka maradufu.

Ugomvi wa fundi ukianza kupoa, peleka mambo kwa mtoza ushuru. Mkataba ulitaja ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoshushwa kutoka katika meli za Marekani. Lakini mzigo ulioletwa kwa mabawa haukushushwa kutoka katika meli yoyote, wala mwezi si Marekani. Mkalishe karani juu ya mkeka, mpe mkataba mkononi na popo-mtu mbele yake, kisha uwaache wazungumze kwa adabu zote.

Kuna vichwa vinavyocheza kwa njia nyingine. Lugha yetu ina utajiri wa pekee katika habari za michezo, kwa kuwa upatanisho wa sarufi ndio unaotenganisha klabu na mnyama. "Simba yanyolewa bila maji" ni timu iliyofungwa mabao mengi; "Simba anyolewa bila maji" ni habari ya kinyozi wa Kariakoo ambaye familia yake inastahili kupewa pole mapema. Herufi moja ikidondoka kiwandani, kichekesho kimejiandika.

Si kila kosa linafaa. Tarehe 15 Aprili 1912 magazeti kadhaa yalitangaza kwamba abiria wote wa Titanic wameokolewa, ilhali watu zaidi ya 1,500 walikuwa wamekufa. Hapo weka kalamu chini. Kinyume chake, kichwa cha Chicago Daily Tribune cha tarehe 3 Novemba 1948, kilichomtangaza Dewey kuwa mshindi dhidi ya Truman katika uchaguzi wa urais wa Marekani, ilhali Truman ndiye aliyeshinda, hakikumwumiza mtu, maana Truman mwenyewe alilinyanyua gazeti hilo mbele ya wapiga picha akiwa St. Louis huku akicheka; tatizo lake ni kwamba aliyeshinda ameshacheka kuliko utakavyoweza kuchekesha.

Kuhusu mwisho, yaige magazeti yenyewe. The New York Times liliandika mwaka 1920 kwamba roketi haiwezi kufanya kazi mahali pasipo na hewa, likasahihisha kauli hiyo tarehe 17 Julai 1969, wakati chombo cha Apollo 11 kimeshaondoka kuelekea mwezini. Sahihisho lako nalo lichelewe, liwe fupi, na liguse jambo dogo kuliko yote:

"Katika toleo letu la Agosti 1835 tulieleza kwamba watu wa mwezini wana urefu wa futi nne. Tumefahamishwa na fundi aliyewapima kwamba ni futi nne na inchi moja. Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza, hasa upande wa pindo."