Kutambua mbao kwa wembe na lenzi

Rangi ndiyo inayowadanganya wengi. Mvule uliopasuliwa leo una umanjano, ukikaa kwenye mwanga unageuka kahawia, na dukani unaweza kuuziwa kwa jina la msaji. Kwa hiyo mtaalamu wa anatomia ya mbao haanzi na rangi. Anaanza na kichwa cha ubao, pale msumeno ulipozikata nyuzi kwa kuvuka.

Uwe na lenzi ya kukuza mara 10, wembe mpya, maji, na vipande vya kulinganishia ambavyo majina yake una hakika nayo. Sampuli itoke kwenye kiini cha shina, si kwenye sehemu nyeupe ya nje wala kwenye tawi. Ikwepe pia ile ya katikati kabisa ya mti, kwa sababu mishipa yake, yaani mirija ya maji inayoonekana kama vishimo ukiikata kwa kuvuka, huwa midogo kuliko kawaida na itakupotosha.

Kabla ya kuchonga, piga picha ubao mzima, maana alama za randa na matundu ya misumari ni ushahidi. Arthur Koehler, mtaalamu wa mbao wa Marekani, alifuatilia asili ya mbao za ngazi iliyotumika kumteka mtoto wa Charles Lindbergh mwaka 1932 kwa kusoma alama za mashine ya randa. Kipande kimoja alikioanisha na ubao wa darini nyumbani kwa mshtakiwa kwa pete za ukuaji na matundu ya misumari.

Kukata ndiko kunakowashinda wanaoanza. Lowesha kichwa cha ubao, shika wembe kwa kuulaza kidogo, kisha uvute kama unayekata mkate badala ya kuusukuma moja kwa moja. Toa ganda jembamba kwenye eneo la nusu sentimita tu; ukitamani eneo kubwa utapata mabonde. Wembe butu huziponda seli na uso hufifia. Msasa nao, ukitumiwa peke yake, huziba vishimo kwa vumbi. Kwa mpingo, badilisha wembe kila baada ya mikato michache. Lenzi iweke karibu kabisa na jicho, kisha usogeze mbao mpaka ionekane vizuri, kama sentimita 2.5 hivi.

Swali la kwanza: kuna vishimo vya mishipa? Kama hakuna, uko kwenye paina, podo, mtarakwa na jamaa zao. Kama vipo, tazama vimepangwaje. Msaji huwa na safu ya vishimo vikubwa mwanzoni mwa kila pete, kisha vinapungua ukubwa. Mvule hauna safu hiyo, na kila kishimo chake kimezungukwa na tishu nyeupe yenye mabawa. Mvule pia huwa na mawe ya chokaa ndani, yale yanayokula meno ya msumeno. Mkaratusi huwa na kishimo kimojakimoja, vikijipanga kwa mshazari. Mgrevilea utaujua kwa miale, ile mistari inayotoka katikati ya shina kwenda kwenye gome; yake ni mipana, unaiona hata bila lenzi.

Lenzi ikifika mwisho, nenda kwenye hadubini. Kata kipande cha kama sentimita 1 kila upande, pande zikifuata nyuzi sawasawa, kisha ukichemshe mpaka kizame. Hapo hewa imetoka. Mbao laini huchukua saa moja au zaidi kidogo, ngumu huweza kuhitaji siku kadhaa kwenye maji yenye gliserini. Mpingo huzama tangu mwanzo kwa uzito wake, hivyo kipimo hicho hakiufai. Kata kwa mikrotomu, mashine ya kukatia vipande vyembamba sana, vipande vya mikromita 15 hadi 20 katika sura tatu: kuvuka, kufuata miale, na kukatiza miale. Vitie rangi ya safranini, vioshe, viondoe maji kwa alkoholi inayopanda kutoka 50% hadi 100%, kisha uvifunge kwenye slaidi. Ukiruka hatua za alkoholi, maji yaliyobaki yatafanya ukungu chini ya kioo.

Sifa utakazoziona zilinganishe na orodha ya IAWA (jumuiya ya kimataifa ya wanaanatomia wa mbao) ya 1989, yenye sifa 163 za mbao za miti ya majani mapana, kisha utafute kwenye InsideWood, hifadhidata ya bure mtandaoni. Anza na sifa chache ulizo na uhakika nazo. Ukijaza zote, moja yenye kosa itaufuta mti sahihi.

Kwenye ripoti usiandike zaidi ya ulichokiona. Mninga na mkurungu wote ni Pterocarpus, na mara nyingi anatomia huishia kwenye jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, bila kufika kwenye spishi yenyewe. Kwa ukaguzi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hilo hutosha mara nyingi, kwani karibu Dalbergia zote (jenasi ya mpingo) ziko kwenye Kiambatisho cha II tangu 2017, na Pterocarpus za Afrika tangu 2023.

Mkaa usiukate kwa wembe, utapata unga. Uvunje kwa mikono na usome uso uliovunjika, taa ikimulika kutoka juu.