Kupima kumbukumbu ya utambuzi: mtu na modeli wafanye mtihani mmoja

Kumbukumbu ya utambuzi ni uwezo wa kujua kama kitu ulishakiona. Modeli ya kompyuta ya kumbukumbu hiyo haiwezi kulinganishwa na watu kama haikupitia mtihani ule ule waliopitia wao. Basi anza na watu.

Tafuta maneno 80 yanayokaribiana kwa urefu na kwa kuzoeleka. Kwa kila mshiriki, yagawe upya kwa bahati nasibu: 40 ya kujifunza, 40 mageni. Ukitumia mgawo mmoja kwa wote, hutajua kama umepima kumbukumbu au urahisi wa maneno yenyewe. Onyesha kila neno kwa sekunde 2, kisha mpe mshiriki hesabu za kutoa kwa dakika 5. Halafu changanya yote 80, naye ajibu kwa namba: 1 ni "hakika geni", 6 ni "hakika nililiona".

Usiishie kutoa uwiano wa mageni kwenye uwiano wa maneno ya zamani (yaliyojifunzwa). Aliyesema "nililiona" (namba 4 hadi 6) kwa maneno 32 ya zamani na mageni 8 ana 0.80 na 0.20. Mwingine ana 38 na 14, yaani 0.95 na 0.35. Tofauti ni 0.60 kwa wote wawili. Lakini geuza kila uwiano kuwa alama z (nafasi yake kwenye mgawanyo wa kawaida; kwenye Excel ni NORM.S.INV) kisha toa ya mageni kwenye ya zamani, upate d′, kipimo cha uwezo wa kutofautisha ya zamani na mageni: wa kwanza anapata d′ ya 1.68, wa pili 2.03. Uwiano ukiwa 0 au 1 fomula hukwama, kwa hiyo tangu mwanzo, kwa washiriki wote, ongeza 0.5 kwenye idadi ya majibu ya "nililiona" na ugawe kwa 41.

Sasa modeli. MINERVA 2, modeli ya kumbukumbu ya Douglas Hintzman, inatosha kuanzia. Kila neno ni safu ya namba 20, kila moja +1, 0 au −1. Kulihifadhi ni kulinakili, kila namba ikibaki kwa uwezekano L (jaribu 0.4), isipobaki inakuwa 0. Wakati wa mtihani, zidisha neno na kila nakala namba kwa namba, jumlisha, gawa kwa idadi ya nafasi ambazo angalau upande mmoja si 0, pandisha kipeo cha tatu, kisha jumlisha nakala zote 40. Kipeo cha pili kitaharibu kila kitu, maana kinafuta alama ya hasi, na neno lililo kinyume litaonekana linafanana.

Jumla hiyo ikatwe kwa vizingiti (mipaka) 5 ili itoe majibu 1 hadi 6. Rudia kwa washiriki bandia 1,000, kila mmoja na maneno mapya.

Mwishoni, kwa watu na kwa modeli, jumlisha majibu kuanzia 6 kushuka (6, kisha 6 na 5, na kuendelea hadi 2), upate nukta 5, uzichore kwa alama z: mageni mlalo, ya zamani wima. Kwa watu mteremko huwa karibu na 0.8, kwa sababu nguvu za maneno ya zamani zimetawanyika zaidi. Hapo d′ hubadilika kufuatana na kizingiti, hivyo ripoti eneo lililo chini ya mchoro wa nukta hizo kwa uwiano wenyewe, bila alama z. Mteremko wa modeli ukiachana na wa watu, usihangaike na vizingiti: vinahamisha nukta juu ya mchoro ule ule.