Kufunga mfumo wa umeme ndani ya nyambizi ya mfano inayoongozwa kwa rimoti

Boti ya kawaida ikipoteza mawimbi ya rimoti, huelea tu ikisubiri kufuatwa. Nyambizi iliyojaza tangi lake maji huendelea kushuka. Kwa hiyo kazi ya kufunga nyaya ianze kwenye tangi na kwenye kipokezi (kifaa kinachopokea mawimbi ya rimoti). Mota ya kuendeshea ndiyo sehemu rahisi kuliko zote, nayo inaweza kungoja.

Maelezo haya yanahusu mpangilio wa silinda moja isiyopitisha maji yenye vyumba vitatu: betri mbele, tangi katikati, kisha mota na vifaa vya umeme nyuma. Bomba jembamba la shaba hupita ndani ya tangi likibeba nyaya kutoka mbele hadi nyuma.

Masafa kwanza

Rimoti nyingi za siku hizi ni za 2.4 GHz. Zinafaa kwa ndege na magari, lakini maji humeza masafa hayo ndani ya sentimita chache tu. Nyambizi huhitaji rimoti ya masafa ya chini: 40 MHz hutumika Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya, 75 MHz hutumika Marekani kwa vyombo vya majini na vya ardhini, na 27 MHz nayo hufaa. Usichukue 72 MHz ya Marekani wala 35 MHz ya Uingereza. Hayo ni ya ndege.

Hata kwa 40 MHz, aina ya maji ina uzito wake. Kwenye maji yasiyo na chumvi mawimbi hufika kina cha mita kadhaa bila taabu. Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri mno, na mawimbi hayohayo hufifia baada ya sentimita chache. Nyambizi ya rimoti ni chombo cha bwawa na ziwa. Bwawa la kuogelea lililotiwa chumvi au dawa nyingi pia hupunguza kina.

Antena ya kipokezi isikatwe wala kuviringishwa. Urefu wake umepimwa kulingana na masafa. Ilaze imenyooka juu ya silinda, chini ya sitaha, mbali na nyaya za mota. Ikiwa inatoka nje ya silinda, ziba ncha yake kwa epoksi, maana ncha ya shaba ikigusa maji kipokezi huwa kama kiziwi.

Betri, fyuzi na waya

Betri ya asidi iliyofungwa hutoa haidrojeni inapochajiwa, na kiasi kidogo hata ikiwa imetulia. Kuifungia ndani ya silinda isiyo na tundu, kando ya mota yenye brashi zinazotoa cheche, ni kutafuta mlipuko. Tumia betri ya nikeli (NiMH), au lithiamu ya seli 3 (volti 11.1, zikijaa 12.6). Betri yoyote ile, ichaji ikiwa nje ya silinda.

Fyuzi ikae kwenye waya chanya, karibu na betri kadiri inavyowezekana, kabla waya haujaingia kwenye bomba la shaba. Ganda la waya likichubuka ndani ya bomba, fyuzi iliyowekwa upande wa pili haitasaidia kitu. Paka kingo za bomba msasa mpaka zisikwaruze kidole. Kwa mota inayokula ampea 8 hivi, waya wa 1.5 mm² wenye ganda la silikoni na fyuzi ya ampea 15 vinatosha.

Swichi kuu ni pale watu wengi hukosea. Swichi ndogo ya sumaku inavutia kwa kuwa haihitaji tundu, lakini miguso yake imetengenezwa kwa mkondo mdogo. Ukipitisha ampea 8 itaungana na kubaki hivyo. Iache iamrishe rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) au tranzista, na hiyo ndiyo ibebe mzigo.

Volti 5 za kipokezi

Kidhibiti mwendo cha mota mara nyingi huja na sehemu ya kutoa volti 5, iliyoandikwa BEC. Za bei nafuu hupunguza volti kwa kuzigeuza joto. Piga hesabu: betri ni volti 12.6, zinatakiwa 5, servo (mota ndogo zinazogeuza mapezi na usukani) zinavuta ampea 1. Volti 7.6 zilizobaki mara ampea 1 ni wati 7.6 za joto ndani ya silinda isiyo na hewa ya kupoza. Kifaa hujizima chenyewe, kipokezi hukosa umeme, nawe unadhani ni tatizo la mawimbi.

Funga kipunguza volti tofauti, cha aina ya kukatakata umeme, cha ampea 3 au zaidi. Chomoa waya mwekundu kwenye plagi ya kila kidhibiti mwendo kinachoingia kwenye kipokezi, uufunike kwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Vyanzo viwili vya volti 5 visikutane. Kipunguza volti cha aina hii hutoa kelele za redio (mawimbi yanayovuruga yale ya rimoti), kwa hiyo kiweke mbali na kipokezi na uzungushe nyaya zake za kutokea mara 5 au 6 kwenye pete ya feraiti.

Mota yenyewe hupiga kelele zaidi. Lehemu kapasita tatu za kauri za 0.1 µF: moja kati ya vituo viwili vya mota, na moja kutoka kila kituo hadi kwenye ganda la chuma la mota. Kwaruza ganda hilo kwanza, la sivyo lehemu haitashika. Kiungio cha shafti kiwe cha nailoni, kwa sababu chuma kikisuguana na chuma huzalisha kelele ambazo kapasita hazizigusi.

Tangi la pistoni na swichi zake za mwisho

Tangi hili huvuta na kumwaga maji kwa pistoni inayoendeshwa na mota yake kupitia gia. Pistoni ikifika mwisho na mota ikaendelea kusukuma, meno ya gia ndiyo yatakayokatika. Unahitaji swichi ndogo mbili, moja kila mwisho, kila moja ikiwa imefunga saketi wakati haijabonyezwa. Iweke moja kwenye waya wa kwanza wa mota ya pistoni na nyingine kwenye waya wa pili. Sambamba na kila swichi lehemu dayodi (kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu) ya ampea 3, mstari uliochorwa kwenye ncha yake moja ukielekea upande wa kidhibiti mwendo na mwisho wa pili ukielekea mota. Swichi ikifunguka, dayodi huzuia mkondo wa kuendelea mbele lakini huruhusu wa kurudi, na pistoni hutoka pale ilipofika bila kukwama.

Jaribu kabla ya kuunganisha pistoni. Endesha mota upande wa kujaza na ubonyeze kwa kidole swichi ya mwisho wa kujaza. Mota ikisimama, sawa. Ikiendelea kuzunguka, badilishana nyaya mbili kwenye vituo vya mota, kisha geuza mwelekeo wa chaneli hiyo kwenye rimoti.

Kifaa cha dharura

Kifaa hiki huchomekwa kati ya kipokezi na kidhibiti cha tangi. Kazi yake ni kuangalia kama mapigo yanayofika ni ya kweli, yaani ya milisekunde 1 hadi 2, yakija kila baada ya milisekunde 20 hivi. Yakikosekana kwa muda uliopangwa, huamuru tangi limwage maji. Chagua chenye kupima betri pia. Kwa lithiamu ya seli 3, volti 10.5 ni mahali pazuri pa kurudi juu, kwa kuwa kumwaga tangi nako kunahitaji umeme, na ukisubiri mpaka betri ichoke kabisa hautakuwepo.

Kisawazisha mlalo, kinachoendesha mapezi ya nyuma, huingia kati ya kipokezi na servo ya mapezi hayo tu. Kifunge sambamba na urefu wa chombo. Inua pua kwa mkono: mapezi lazima yaende upande wa kuishusha. Yakiipandisha zaidi, geuza kisawazisha, wala si rimoti. Anza na nguvu ndogo. Ikizidi, nyambizi itapanda na kushuka mfululizo.

Maji yanayopita ndani ya waya

Uvujaji unaowachanganya wengi haupiti kwenye oringi (pete za mpira za kuzibia). Waya wa nyuzi nyingi hufyonza maji kati ya nyuzi zake kama utambi, na kuyapeleka ndani chini ya ganda lake, hata kama epoksi kwa nje ni safi kabisa. Pale waya unapopita kwenye kifuniko cha silinda, menya milimita 10, jaza lehemu mpaka nyuzi ziwe kitu kimoja kigumu, kisha zika sehemu hiyo yote ndani ya epoksi. Usitumie silikoni inayonuka siki: asidi yake hula shaba.

Weka kitambuzi cha maji chini kabisa ya silinda, na mfuko mdogo wa silika jeli. Hewa yenye joto ikifungiwa ndani ya chombo kinachotumbukia kwenye maji baridi huacha umande juu ya saketi. Umande huo si uvujaji, ingawa unaua vilevile.

Majaribio

Funga silinda, izamishe kwenye ndoo bila betri na utazame mapovu kwa dakika 10. Kisha, ukiwa na betri ndani, pima mkondo rafadha (propela) ikiwa ndani ya maji, kwani hewani mota hula kidogo mno. Multimita nyingi haziruhusu zaidi ya ampea 10, na kwa muda mfupi tu.

Mwisho jaza tangi nusu, ukishikilia nyambizi kwa kamba, na uzime rimoti. Ikishindwa kumwaga maji yenyewe mara tatu kati ya tatu, rudi kwenye meza.