Jinsi ya kupanga siku moja ya kupanda maporomoko ya Sanje, Udzungwa

Wengi wakisikia maporomoko ya maji wanawaza Materuni kule Moshi, na Materuni ni pazuri sina neno, ila kama unataka sehemu utakaa nusu saa nzima unasikia maji na ndege tu, nenda Sanje. Iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, upande wa bonde la Kilombero mkoani Morogoro, maji yanashuka zaidi ya mita 170 kwa ngazi tatu, na ndani ya hifadhi hakuna barabara ya gari, kila mtu anapanda kwa miguu yake. Nimeshapeleka ndugu, marafiki na watu wa kazini mara nyingi tu, na kinachoharibu siku karibu kila mara ni muda, sio miguu. Ndo maana naanza na muda.

Hatua ya 1: anza na saa ya kurudi

Usianze kwa kuuliza tunatoka saa ngapi, uliza kwanza tunataka tuwe tumeshatoka msituni saa ngapi. Mimi jibu langu ni saa 9 alasiri, basi. Sababu ni kwamba maporomoko yameangalia mashariki na mlima wote uko nyuma yake, kwahiyo jua likishavuka utosi linaelekea mgongoni mwa mlima na kule chini ya miti giza linaanza kuingia wakati barabarani bado kweupe kabisa. Mzunguko wa kawaida ni kama masaa manne, mimi nahesabu matano maana watu watakula, watapiga picha, na kwenye kila kundi yupo mtu wa taratibu ambaye lazima mwende kwa mwendo wake. Toa matano kwenye saa 9 unapata saa 4 asubuhi, hiyo ndo mwisho kabisa wa kuanza kupanda, ila saa 2 au saa 3 ni bora zaidi. Na kuna zawadi ya kuwahi: asubuhi jua linakuwa mgongoni kwako unapoyatazama maji, na ule mvuke unatoa upinde wa mvua pale chini. Ukifika alasiri huuoni.

Mara yangu ya kwanza tulitoka Dar alfajiri tukijua tutaunganisha siku hiyohiyo, tukafika Mang'ula, pale penye ofisi ya hifadhi, saa 8 mchana tumechoka na njaa juu, tukang'ang'ania kupanda hivyohivyo, na wakati wa kushuka kwa haraka mwenzetu mmoja akategua kifundo cha mguu tukamshika mabega mpaka chini. Iliniuma sana kwasababu ilikuwa ni mipango yangu mimi.

Hatua ya 2: lala Mang'ula

Panda basi la Ifakara, iwe unatokea Dar au Morogoro. Mikumi mjini basi linaacha barabara ya Iringa linakunja kushoto, unapita Kidatu, unavuka mto Ruaha Mkuu, unaingia kwenye mashamba ya miwa ya Kilombero, halafu unakuta Sanje. Hapa ndo watu wanakosea, wanaona Sanje wanashuka. Usishuke! Ofisi ya hifadhi iko Mang'ula, mbele kidogo kama kilomita 10, huko ndo unajiandikisha na kulipia, halafu asubuhi unarudi Sanje na boda au bajaji. Gesti Mang'ula zipo za bei ya kawaida tu, uliza yenye neti nzima maana mbu wa bondeni hawana huruma.

Hatua ya 3: ofisini

Nenda na kitambulisho, maana kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki ni tofauti na cha mgeni na lazima uthibitishe. Malipo ni kwa kontrol namba, kwahiyo hela iwe kwenye simu, na bei ya mwaka huo uwapigie uulize kabla hujatoka nyumbani. Utapewa askari au muongozaji wa kwenda nao. Usimuone kama gharama tu, Udzungwa kuna tembo na nyati, na yeye anajua kinyesi kipi ni cha leo na kipi ni cha juzi. Akisema tusimame, simameni.

Miezi mizuri ni Juni mpaka Oktoba. Masika njia ni utelezi mtupu.

Hatua ya 4: miguu na begi

Viatu viwe vimeshavaliwa, sio vipya vya dukani, na soli iwe na meno. Raba iliyolika chini iache, yeboyebo ndo kabisa. Suruali ndefu, na miisho yake uichomeke ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, hili watu wanalipuuza mpaka wakanyage msafara wao. Maji lita mbili kila mtu. Chakula kiwe kikavu na cha kushiba: chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi mbivu. Fulana moja ya kubadilisha kwenye mfuko wa nailoni, koti jepesi la mvua, bandeji, na takataka zote zirudi na nyie.

Hatua ya 5: njiani

Nusu saa ya kwanza nendeni polepole kuliko mnavyotaka, kipimo changu ni kwamba mtu aweze kuongea sentensi nzima bila kuhema. Mkisikia matawi yanacheza juu, tulieni. Mbega mwekundu wa huku anapatikana Udzungwa na misitu ya jirani bondeni tu, na yule kima anayeitwa mangabe wa Sanje ni wa milima hii tu, watafiti wamemjua mwaka 1979 wakati wanakijiji walikuwa wanamjua siku zote.

Maji utayasikia muda mrefu kabla hujayaona. Pale chini hewa inabadilika ghafla, inakuwa baridi, majani yote yanatikisika kama kuna upepo na kumbe ni nguvu ya maji yanavyotua. Juu unaliona bonde la Kilombero lote, mashamba ya miwa yamekatwa pande pande. Kuogelea muulize muongozaji sehemu gani, kaa mbali kabisa na ukingo, na mawe yenye utelezi wa kijani usiyakanyage hata kama yanaonekana makavu. Maji yakibadilika rangi au yakianza kuleta majani na vijiti tokeni haraka, mvua inanyesha juu hata kama kwenu kuna jua.

Kushuka ndo kunavunja watu. Weka mguu upande upande, piga goti kidogo, shika fimbo mkono wa upande wa bondeni.

Mkichelewa kuanza, msilazimishe Sanje. Karibu na ofisi kuna maporomoko madogo ya Prince Bernhard, mume wa aliyekuwa Malkia Juliana wa Uholanzi, aliyezindua hifadhi 1992, ni mwendo mfupi sana na watoto wanafika.

Yule wa boda mpe saa ya kuwafuata na uchukue namba yake kabla hamjaingia. Mkirudi Mang'ula ulizieni wali na samaki wa mtoni, mchele wa Kilombero ukiwa jikoni harufu yake unaikuta barabarani.