Maandishi ya laptopu ni madogo? Usishushe rezolusheni

Kuna kitu nakutana nacho sana nikishika laptopu za watu na kila nikikiona roho inaniuma, mtu ana mashine nzuri, kioo cha 1920 kwa 1080, akaona maandishi madogo akaingia kwenye setingi akashusha rezolusheni (idadi ya nukta zinazochora picha) mpaka 1366 kwa 768, maandishi yakanenepa akaridhika. Toka siku hiyo anasoma kwenye kioo chenye ukungu, jioni macho yanamuuma, analaumu laptopu. Na laptopu wala haina shida.

Iko hivi. Kioo cha laptopu kimejaa vinukta vidogo vidogo, ndo hizo pikseli, na idadi yake imepangwa kiwandani, hauwezi kuongeza wala kupunguza. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, jumla zaidi ya milioni 2. Sasa ukiiambia kompyuta ilete picha ya 1366 kwa 768, hiyo picha ina nukta milioni 1 na kidogo tu na inabidi itandazwe kwenye kioo cha nukta milioni 2, kwa hiyo kila nukta ya picha inatakiwa ikalie kama nukta 1.4 za kioo kwa upana na 1.4 kwa urefu, na nukta haikatwi vipande, hapo kompyuta inachofanya ni kuchanganya rangi za nukta zilizo jirani ili pengo lizibe. Huo mchanganyiko ndo ukungu unaouona pembeni ya kila herufi. Monita za chogo zile za zamani hazikuwa na nukta za kudumu namna hii, ungeweza kubadili rezolusheni na picha ikabaki sawa tu, nadhani ndo maana tabia hii imebaki kwa watu wengi, walijifunzia kule.

Kwa hiyo sheria ni moja: rezolusheni iache pale kioo kilipozaliwa nayo, ukubwa wa maandishi ubadilishe kwa skeli, yani setingi ya kukuza maandishi na vitu vya kwenye kioo.

Kwenye Windows raiti kliki sehemu tupu ya desktopu, chagua "Display settings", shuka chini utakuta "Display resolution", fungua orodha yake uchague ile yenye neno "Recommended" mbele yake, hiyo ndo ya kioo chako. Hapo hapo juu yake kuna "Scale", na hiyo ndo ya kuchezea: asilimia 100, 125, 150 na kuendelea. Ukipandisha skeli kompyuta inachora herufi kubwa kwa kutumia nukta nyingi zaidi, kwa hiyo herufi inakua na makali yake yanabaki. Kwenye Mac ni rahisi zaidi, ukiingia "Displays" unachagua tu kati ya maandishi makubwa na nafasi kubwa, mahesabu inafanya yenyewe.

Skeli gani sasa? Kwa kioo cha 1920 kwa 1080, inchi 15.6 wengi wanakaa vizuri kwenye 125, inchi 14 ni 125 au 150, inchi 13 jaribu 150. Ila usichague ukiwa umeinamia kioo! Kaa vile unavyokaa siku zote, mgongo kwenye kiti, fungua ukurasa wenye maandishi mengi, soma aya mbili tatu, ukijikuta shingo inasogea mbele basi panda hatua moja. Shangazi yangu anatumia 175 na hana wasiwasi, macho yake yanataka hivyo.

Ujue tu skeli inakula nafasi. Hiyo 1920 kwa 1080 ukiiweka 150, nafasi ya kufanyia kazi inakuwa kama 1280 kwa 720, ukifungua jedwali lenye safu nyingi utahangaika kusogeza kulia kushoto. Hapa ndo kioo cha 2560 kwa 1600 kinapolipa, kwa 150 hiyo hiyo unabaki na kama 1700 kwa 1066. Yani rezolusheni kubwa haina maana ya maandishi madogo kama watu wanavyoogopa, inakupa herufi laini na uhuru wa kuchagua.

Kama unanunua, piga hesabu ya nukta kwa inchi. 1920 kwa 1080 kwenye inchi 15.6 inakupa 141, kwenye inchi 14 ni 157, zote nzuri. 1366 kwa 768 kwenye inchi 15.6 ni 100 tu, hapo vinukta utaviona kwa macho, mi nakushauri uachane nayo kama unasoma au kuandika siku nzima. Na angalia sana, tangazo likisema "HD" peke yake kwenye laptopu mara nyingi ni hiyo 1366, unayoitaka imeandikwa "FHD", yani hiyo 1920 kwa 1080. Ukipata 1920 kwa 1200 ichukue, mistari 120 ya nukta ya ziada kwa chini unaifaidi kila ukifungua waraka. 4K kwenye laptopu ya inchi 15 mi naona ni mzigo, nukta mara 4 za FHD, betri inaisha haraka na kadi ya picha inafanya kazi zaidi, labda kama kazi yako ni picha na video.

Gemu ni habari nyingine, gemu ikiwa nzito shusha rezolusheni ndani ya gemu yenyewe, ya Windows usiiguse.

Kuna wakati laptopu inajishusha yenyewe. Ukichomeka projekta ikarudufu kioo, vyote viwili vinaweza kufuata rezolusheni ya kile kidogo, bonyeza kitufe cha Windows na P uchague "Extend". Na kama orodha ina rezolusheni moja mbili tu na kila kitu kimevutika vibaya, fungua "Device Manager" uangalie sehemu ya "Display adapters", ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter" basi draiva (programu ya kuiendesha) ya kadi ya picha haipo, ipakue kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu kwa modeli yako kamili. Ukijaribu rezolusheni kioo kikawa cheusi usibonyeze chochote, subiri kama sekunde 15 kitarudi chenyewe.

Kwa laptopu iliyotumika, kabla hujalipa fungua hiyo "Display settings" mwenyewe uone "Recommended" inasema ngapi, maana kuna mashine zimevunjika vioo zikawekewa vya rezolusheni ndogo na stika ya nje bado inasema FHD.