Kabla hujawafundisha mabinti habari za mifupa

Usianze na bibi aliyepinda mgongo. Msichana wa miaka 14 hajioni humo, atacheka tu. Mwambie kwamba kwa wasichana, hadi asilimia 90 ya mfupa wa maisha yao hujengwa kabla ya kutimiza miaka 18. Mifupa ni kama kibubu: baada ya hapo kinapokea kidogo sana, na hedhi ikikoma ukubwani kinavunjwa kwa kasi.

Chakula, nenda nacho mkononi. Umri huo unahitaji miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku, lakini namba hiyo ibaki kwenye daftari lako. Wao wamwagie dagaa mezani, wale wa kuliwa na miba yao yote. Taja uji wa wimbi, mtindi, sukuma wiki. Mchicha ni mboga nzuri, ila kalsiamu yake nyingi mwili hauwezi kuifyonza, kwa hiyo usiutegemee kwa kazi hii.

Mazoezi: kuruka kamba, rede, netiboli. Jua: anayejifunika akae uani kidogo.

Sasa hili la hedhi. Litengee muda, na utafute pa kuongelea faragha. Mwaka wangu wa kwanza nilimaliza kipindi, nikafunga daftari, binti mmoja akabaki nyuma akikunjakunja ncha ya ushungi. "Mwalimu, mwezi wa tano huu sijaona siku zangu." Nikamdaka palepale: "Umepima?" Alijua namaanisha mimba. Akainamisha uso, akaondoka, na hakunisogelea tena.

Muhula uliofuata alikuwa anakimbia uwanjani, hakuanguka wala hakusukumwa, mguu ukamgomea. Picha ikaonyesha ufa kwenye mfupa wa unyayo. Ndipo mama yake akaniambia: mtoto hagusi chakula cha mchana, usiku anadonoa tu, anataka kupungua. Mwili ukikaa na njaa hivyo huzima hedhi, homoni ya estrojeni hushuka, na mifupa inaanza kupungua katika miaka ileile ya kujengwa. Dalili alikuwa ameniletea mwenyewe, tena mapema.

Siku hizi nauliza kwanza, "Unakula nini?" Kipimo cha mimba kitafanyika, lakini kikisema hakuna, habari haijaisha. Miezi mitatu bila hedhi, aende hospitali, na umsindikize.

Kuna anayetumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Ikitumika muda mrefu inapunguza uimara wa mifupa. Aongee na mhudumu, asiiache kienyeji. Kuna sigara. Kuna soda iliyochukua nafasi ya maziwa. Kuna chai za kukata tumbo zinazouzwa kwenye simu, ambazo hakuna ajuaye zimechanganywa na nini. Usimsifie mtu kwamba amepungua. Na ile mizani uliyobeba kuwapimia uzito mbele ya wenzao, irudishe ofisini.